Mstari wa Zambia na Mstari Wetu

Mkuu wetu wa shule tumemzika Jumamosi hapa Katandala, na mimi sikutoa chozi. Nilikaa kwenye viti vya mbele, vile vya plastiki walivyovivisha vitambaa vyeupe, nikasikiliza watu wakimsifu mpaka masikio yakaniuma. Alipenda maendeleo. Alipigania elimu ya mtoto wa kike. Kijana aliyekuwa anaongoza ratiba akasema mfano hai wa kazi ya marehemu uko hapa mbele yetu, mama yetu Leokadia, mtakwimu mwandamizi kutoka Dar, naye tutamsikia baadaye kidogo. Watu wakageuka kunitazama. Mimi nikageuka nyuma kabisa, kwenye mikeka ya kina mama, nikamwona Kresensia, Kresi wangu wa shuleni. Alikuwa amepanda kutoka Mtowisa, kanyoosha miguu, kitenge kiunoni, vidole vimekakamaa kwa miaka ya jembe la mpunga. Hakunitazama. Kazi ya marehemu, wamesema! Nilitamani nisimame pale pale nimwambie yule kijana aache upuuzi.

Mwaka ninaoutaja ulikuwa wa kidato cha sita, katikati ya miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imeshakolea. Maduka ya Sumbawanga yalikuwa yamejaa kila kitu ambacho tukiwa wadogo tulikipangia foleni, na shuleni kwetu wakati huohuo madirisha ya bweni yalikuwa yamezibwa kwa maboksi ya sabuni. Serikali ilisema wazazi wachangie, wazazi wakasema wamechangia nini tena. Baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina huruma na mtu mwenye blanketi moja, kwa hiyo mimi na Kresi tulikuwa tunaunganisha mablanketi yetu na kulala kitanda kimoja, tunasikia upepo unapiga maboksi na wasichana wa vitanda vya jirani wakisengenya walimu. Mimi nilikuwa hodari wa kukariri. Kresi alikuwa anaelewa. Mtu anayekariri akisoma kitu anakiweka kichwani hivyo hivyo, Kresi alikuwa anakigeuzageuza na kuuliza maswali mpaka mwalimu anatamani kengele ilie. Nilimpenda, na nilimwonea wivu. Yote mawili nayasema leo bila kuona haya, kwa sababu haya yangu nimeshaitumia kwenye mambo mengine.

Mwanzoni mwa muhula ule ukaja mradi wa wafadhili. Walisema wanataka msichana mmoja kutoka shule yetu aende chuo cha takwimu Dar, walipe karo, chakula, nauli, kila kitu. Mmoja tu. Siku ya maonyesho ya masomo mgeni rasmi angekuja na watu wa mradi, wasichana wangeeleza kazi zao, na wao wangechagua. Kwa Kresi ile nafasi haikuwa ya kwenda kuona magari ya Dar. Baba yake alishaanza mazungumzo na wafugaji waliohamia bonde la Rukwa, huko Mtowisa, na ng'ombe wa mahari walishatajwa. Mama yake ndiye aliyekuwa ameweka mguu mlangoni, anazuia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia shemeji yake jikoni, "Akipata chuo, hakuna wa kunigusia habari ya ng'ombe. Asipopata, nitamwambia nini baba yake? Sina la kumwambia." Kresi alikuwa anapepeta maharage hapo hapo, hakuinua kichwa.

Mwalimu Desderi, aliyetufundisha uchumi, akatupa sisi wawili kazi moja: kulinganisha Tanzania na Zambia, mwaka kwa mwaka, kwenye kitu kinachoitwa urari wa akaunti ya mtaji. Alitueleza kwa chaki na subira. Ukiacha biashara ya kununua na kuuza, ukiacha mikopo, nchi inapokea na kutoa mitaji ya namna nyingine, misaada ya kujengea barabara, ya kununulia mitambo, na vitu kama hivyo. Chukua vilivyoingia, toa vilivyotoka, kinachobaki ndicho urari. Akatuletea vitabu viwili vya kurudufu, kimoja cha kwetu, kingine cha Zambia alichokipata kwa mtu anayesafiri kwenda Mbala, ng'ambo ya mpaka. Tukanunua karatasi za manila, tukaunganisha nne kwa gundi ya unga wa muhogo, tukachora. Mstari wetu kwa wino wa bluu, wa Zambia kwa mwekundu. Mwekundu ulipanda mpaka tukalazimika kuongeza manila ya tano juu. Tuliona aibu kwa niaba ya taifa, tukadhani ndivyo dunia ilivyo.

Jumamosi tukaubeba mchoro hadi kwa kina Kresi, Mazwi, kwa sababu kule kulikuwa na sakafu ya saruji ya kuutandaza na chakula cha watu. Mama Kresi alikuwa mfanyabiashara wa mpakani. Kabla ya ruksa alivusha sabuni na mafuta ya kula kutoka Zambia, kwetu havipo. Baada ya ruksa mambo yakageuka, akawa anapeleka yeye. Hakuvuka darasa la nne, lakini miaka yote aliikumbuka kwa mzigo: mwaka wa sabuni za mche, mwaka wa sukari, mwaka wa mafuta ya taa, na kwa kila mwaka alijua noti ngapi za kwacha zilitoa shilingi ngapi. Alitupakulia ugali wa ulezi na migebuka ya kukaushwa, akasimama na mwiko mkononi anautazama mchoro pale chini.

"Huu mwekundu ndiyo nini?"

"Zambia, mama," nikamwambia. "Wanapokea mitaji kutuzidi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Zambia ipi hiyo? Hii ninayokwenda mimi? Wenzenu mkate wananunua kwa bunda la noti! Kwani mmeandika kwa kwacha?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumeandika kwa kwacha. Shilingi upande mmoja, kwacha upande mwingine, kwenye manila moja, wasichana wawili tunaojiita wachumi. Kwacha ilikuwa inaanguka, tarakimu zinavimba, sisi tunachora mlima. "Kwacha ya mwaka wa sukari siyo kwacha ya mwaka wa sabuni, jamani!" alisema mama, akaketi, akaanza kututajia mwaka mmoja mmoja, kwacha kwa shilingi, huku anachambua mwiba wa samaki. Kresi akaandika nyuma ya daftari. Jumatatu Mwalimu Desderi alizilinganisha na bei za benki alizokuwa nazo, akasema mama huyu angefaa kukaa ofisi fulani. Tukageuza kwacha kuwa shilingi na shilingi kuwa dola, tukachora upya, na ule mlima mwekundu ukashuka chini. Mama Kresi alivyoambiwa alifurahi sana. Kwa wiki nzima sokoni alikuwa anamwambia kila mteja kwamba amewasahihisha watoto wa kidato cha sita.

Sasa mstari wetu ukawa ndio ulio juu, na kuna miaka uliruka kabisa. Mimi niliona inatosha. Kresi alirudi kitabuni kutafuta kwa nini umeruka, na akapata, ndani ya maandishi madogo chini ya jedwali. Alimfuata Mwalimu Desderi ofisini nami nikiwa nyuma yake.

"Mwalimu, hapa wameandika msamaha wa madeni. Wameuweka upande wa kupokea. Hiyo hela iliingilia wapi?"

Mwalimu alifunga mlango kwanza. "Haikuingia," akasema. "Mnadaiwa, anayewadai anafuta deni. Kwenye vitabu inaandikwa kana kwamba amewapa mtaji, halafu mmemlipa. Ndiyo kanuni, wala siyo uongo. Lakini shilingi haikuvuka mpaka."

"Kwa hiyo pale tulipopanda sana ndipo tuliposamehewa sana?"

"Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Na Zambia vilevile, kwa miaka yake."

Kresi akatoka pale anang'aa. Usiku wala mchana hakuacha kulisema. Alipaka rangi ya kijivu sehemu zote za mistari zilizotokana na msamaha, kwetu na kwa Zambia, na kilichobaki chini ya kijivu kilikuwa mistari miwili inayofanana kama watoto wa baba mmoja. Kazi nzima ilikuwa hiyo, na ilikuwa yake. Hata kwa kuapa siwezi kusema nusu ilikuwa yangu.

Siku moja kabla ya maonyesho, mchana, tukiwa tunabandika manila ukutani, Mkuu akaingia bwaloni. Alikuwa Mnyamwezi aliyehamia kwetu miaka mingi, mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza inayoudhi kuliko ukali. Akausoma mchoro. Akauliza kijivu ni nini. Kresi akamweleza, vizuri, pole pole. Mkuu akatabasamu.

"Mwanangu, mgeni anatoka Dar kuja kuona matunda ya soko huria. Wewe utamwambia matunda ni madeni?"

"Nitamwambia kilichoandikwa, mwalimu."

"Utamwambia wawekezaji wameleta mitaji na tumewapita majirani. Hicho kijivu futeni."

Alipotoka, Kresi alisema, "Sifuti." Nikamwambia asijali, tutaona kesho. Nilijua tayari kwamba sitaona chochote, nitafanya anachotaka Mkuu. Mtu anajua. Watu wanaosema walijikuta wamefanya, waongo watupu.

Kesho yake bwalo lilijaa. Mgeni rasmi katikati, watu wa mradi pembeni yake na kalamu zao, Mkuu, walimu, wazazi kwenye benchi za nyuma, Mama Kresi mstari wa mwisho amevaa kitenge kipya. Kresi akasimama na kijiti chake akaeleza. Alieleza kwacha na shilingi, watu wakacheka kwa furaha, na mama yake akajifunika mdomo. Kisha akafika kwenye kijivu. Alisema kwa sauti ileile ya kawaida, kwamba mahali tulipopanda sana siyo kwamba tulipata, ni kwamba tuliachiwa, na kwamba anayesoma mstari huu bila kujua hilo atadanganyika. Mgeni rasmi akamwinamia Mkuu, akamnong'oneza. Mkuu akasimama akicheka kicheko chake cha kubembeleza.

"Ahsante, ahsante, kaa chini. Huyu amechanganya kidogo. Leokadia, hebu njoo umsahihishie mwenzako."

Nikaenda. Hakuna aliyenisukuma. Kresi alikuwa bado amesimama pale mbele na kijiti, akanipisha, na nadhani aliamini naenda kumtetea, kwa sababu alinitazama kwa kunitia moyo. Nikasema, "Mwenzangu amechanganya hesabu. Sehemu ya kijivu ni mitaji ya wawekezaji. Mstari unaonyesha tangu milango ifunguliwe tumewapita jirani zetu." Makofi yakapigwa. Nikamtazama Mwalimu Desderi. Alikuwa mtu pekee mle ndani, mbali na sisi wawili, aliyejua ukweli wa kila nukta, na alikuwa anafuta chaki kwenye vidole vyake kimoja kimoja, anafuta, hainui macho. Nilimchukia kwa ule ukimya kwa miaka mingi. Ilikuwa rahisi kumchukia yeye. Kabla ya saa kumi jina langu likasomwa.

Kresi hakunigombeza. Alichukua blanketi lake akahamia kitanda cha mlangoni. Aliyenijia alikuwa mama yake, siku ya pili, kwa miguu kutoka Mazwi. Aliomba manila pale kwa mwalimu wa zamu, akaitandaza juu ya majani nyuma ya bweni, akachuchumaa.

"Mwanangu Kadia, hongera. Mungu akutangulie. Mimi nimekuja unionyeshe jambo moja tu. Kresi alikosea wapi? Nikimuuliza ananiambia hakukosea, naona anakuwa jeuri. Nionyeshe ili nijue namwambia nini baba yake."

Ningeweza kusema. Hakukuwa na Mkuu pale, wala mgeni, wala mradi. Alikuwa mama mmoja amechuchumaa kwenye majani, ambaye nimekula ugali wake mwaka mzima. Lakini nafasi ilikuwa bado haijaandikwa kwenye barua, nikaogopa akijua ataenda kupiga kelele ofisini. Akili yangu ikatafuta kosa ambalo yeye angelielewa, na kosa lililokuwa karibu likawa moja tu. Nikaweka kidole juu ya mstari mwekundu.

"Hapa, mama. Kwenye kubadilisha kwacha. Zile bei hazikuwa sahihi."

Alitazama kidole changu kwa muda. "Zile nilizowatajia mimi?"

"Ndiyo, mama."

Akaikunja manila pole pole, kona kwa kona. Akasema, "Haya," akaondoka. Ng'ombe walifika Mazwi kabla ya mvua za kwanza. Mama Kresi hakupinga tena neno lolote, na mwaka uliofuata nilisikia ameacha kwenda mpakani, anauza nyanya tu kwenye fungu mbele ya nyumba, na mtu akimuuliza habari ya kwacha anasema hajui. Mimi nilikuwa Dar, chuoni, natandika shuka za mradi. Nimeishi na mstari ule maisha yangu yote ya kazi. Nimewachorea mabosi mistari mingine mingi, na kila walipotaka kijivu kifutwe, nilifuta. Nilikuwa na uzoefu.

Basi Jumamosi wakaniita. Nikashika kipaza sauti mbele ya jeneza, nikaamua yaishe. Nikasema marehemu huyu alikuwa mwongo. Nikasema alinifundisha uongo hadharani, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri, nikamwibia nafasi msichana aliyenizidi akili, na msichana huyo amekaa pale kwenye mkeka. Unajua nini kilitokea? Walicheka! Mimi Mfipa, marehemu Mnyamwezi, na watani wana ruhusa ya kumtukana maiti, ndiyo heshima yake. Watu wakapiga vigelegele, "Mseme huyo, mtani, mseme!" Mzee mmoja akanitupia sarafu miguuni. Mwanawe marehemu mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikapaza sauti kwamba sitanii jamani, ndipo wakazidi kucheka. Nilitaka kupasuka. Nilikuwa nimekaa na neno lile miongo mitatu, na siku ya kulisema likageuka kuwa mchezo wa kuwachangamsha waombolezaji. Kwenye mikeka Kresi peke yake ndiye hakucheka. Aliinuka, akakung'uta kitenge, akatoka.

Nikamfuata hadi Mazwi, nyumba ileile. Mama yake yupo hai, amekuwa mdogo sana, amekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba. Nani?" "Kadia." Kresi alikuwa anaosha vyombo uani, mlango wazi. Niliona bora niseme haraka kabla sijapata akili ya kutengeneza sentensi.

"Mama, siku ile ulinitaka nikuonyeshe alipokosea Kresi. Hakukosea. Na kwacha zako zilikuwa sahihi, zote. Mwalimu alizipima na za benki. Nilikudanganya ili nafasi isiniponyoke."

Aliangalia mkaa. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, na nilipoinama nikasikia anahesabu, mwaka wa sabuni, mwaka wa sukari, kwacha kwa shilingi, zote zimo kichwani bado.

"Kwa hiyo haikuwa mimi," akasema.

"Haikuwa wewe, mama."

Sufuria ikagonga saruji uani. Kresi alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. "Haikuwa wewe nini, mama?"

"Kosa la mchoro," mama akasema, "Kadia aliniambia ni la kwacha zangu."

"Mimi nilidhani uliwataka wale ng'ombe," Kresi akasema. "Miaka yote hii. Nikija nakuletea mpunga, naondoka siku hiyohiyo. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mwanangu? Kwamba ni mimi niliyekufelisha?"

Kresi akapita pembeni yangu, akakaa chini kwenye saruji, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na mikono yake bado imelowa. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti. Nikanyoosha mkono nimguse bega.

"Kadia," akasema bila kuinua kichwa, "toka nyumbani kwetu."